Maboksi mawili, dawa moja: maneno ya daktari ni tiba au ni mapambo?

*Swali: "Mama yangu ana miaka 71 na presha amekuwa nayo kwa miaka sita. Daktari wake wa kwanza ni mtu wa maneno machache, anakuuliza huku anaandika, hakutazami usoni. Mama akachoka naye. Vidonge vilipokwisha hakurudi, alisema dozi ameshaimaliza. Miezi minne baadaye kichwa kikawa kinamgonga, nikampeleka kliniki nyingine. Daktari wa huko ni mpole ajabu, alimshika mama mkono, akampa dawa mpya. Kumbe kaka yangu naye, bila kuniambia, alikuwa ameshamnunulia ile ya zamani. Mama akawa anameza zote. Baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba, tukarudi, akaongezewa dawa ya kupunguza maji mwilini. Kikaja kizunguzungu, mwisho akaanguka bafuni akalazwa. Wodini mfamasia alimwaga dawa zake zote mezani, akatuonyesha kwamba maboksi mawili yenye majina tofauti yana dawa ileile ya presha, amlodipini, miligramu 10 kila kidonge. Sasa ameruhusiwa, yuko nyumbani. Kaka anasema daktari ni ujuzi, maneno mazuri ni mapambo tu. Mimi nasema yule wa kwanza angekuwa na lugha nzuri haya yasingetupata. Nani kati yetu yuko sahihi? Na safari ijayo nitaulizaje maswali bila daktari kuniona mjuaji?"*

Mpe mama pole yangu, na wewe pia pole. Kuanguka bafuni katika umri huo si jambo dogo, nitalirudia mwishoni. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ubishi wenu wa kaka na dada ndio ubishi wetu madaktari tukiwa peke yetu kwenye chai: maneno yanatibu, au yanapamba tu?

Jibu langu huenda lisimfurahishe yeyote kati yenu. Mnabishana, lakini mmesimama palepale. Nyote mnachukulia kwamba mawasiliano mazuri maana yake ni lugha laini, kaka anaidharau na wewe unaililia. Sasa rudia kusoma ulichoandika. Aliyeandika dawa kwa mara ya pili bila kujua ya kwanza ni yule aliyemshika mama mkono. Upole wake ulikuwa wa kweli, sina shaka, na kwa mama mwenye hofu mkono ule ulikuwa na thamani yake. Ila kuna swali moja halikuulizwa siku ile, na kwa sababu halikuulizwa mama alilala wodini.

Mimi nikitaka kujua kama mazungumzo ya kliniki yalikuwa mazuri, sitazami nani alitabasamu. Nasubiri mgonjwa atoke nje, namuuliza: una nini, unafanya nini kuanzia leo, na ukiona nini urudi haraka? Kisha naingia ndani kwa daktari na kumuuliza: huyu aliyetoka, alikuwa anaogopa nini, na nyumbani kwake kuna dawa gani? Wote wawili wakijibu sawasawa, mazungumzo yalikuwa mazuri hata kama daktari ana sura ya mawe. Wasipojibu, tabasamu halikusaidia.

Tuanze na pale mama aliposema dozi ameimaliza. Sentensi hiyo peke yake ningeweza kuifundishia darasa zima. Katika Kiswahili cha kila siku dozi ni kitu chenye mwisho. Umepewa vidonge vya malaria, unameza siku tatu, dozi imeisha, umepona. Umepewa antibiotiki, unasisitizwa "maliza dozi". Miaka yote tumewafundisha watu hivyo, nao wakatusikia. Kisha mtu yuleyule anakuja na presha, tunamwandikia vidonge 30, tunamwambia "hii ndiyo dozi yako, kila siku kimoja", halafu tunashangaa siku ya 31 ametulia nyumbani. Mama yako hakuwa mkaidi. Alitii kile hasa ambacho neno lilimwambia. Mtu wa presha anapaswa kusikia kwa uwazi kwamba vidonge hivi haviponyi ugonjwa, vinaushikilia tu. Ukiviacha unarudi ulipokuwa, tena kimyakimya, kwa sababu presha kwa kawaida haina maumivu ya kukuamsha. Anayengoja kichwa kimgonge ndipo ameze, anaweza kukaa na presha ya juu kwa miaka bila kujua. Maelezo hayo yanachukua kama nusu dakika. Daktari wa kwanza hakuyatoa, au aliyatoa bila kuhakikisha kama yamefika, na hapo, ndiyo, una haki ya kumlaumu.

Mama hayuko peke yake katika hili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni karibu nusu tu ya wenye magonjwa ya kudumu wanaofuata matibabu kama walivyoagizwa. Sababu ni nyingi, fedha ikiwemo, madhara ya dawa yakiwemo, kusahau kukiwemo. Lakini wapo, na si wachache, walioacha kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba hawakutakiwa kuacha. (Nikiwa kwenye maneno: mtu anapoambiwa kipimo chake kimetoka "chanya", mara ngapi nimeona uso ukichangamka! Chanya mitaani ni jambo jema. Maabara chanya maana yake kilichotafutwa, mara nyingi ugonjwa, kimeonekana, na anayetoa majibu asipolifafanua neno hilo papo hapo, mgonjwa anaondoka na furaha isiyo yake.)

Sasa nigeukie hoja ya kaka yako, kwamba daktari ni ujuzi. Ni kweli. Lakini ujuzi huo unaanzia wapi? Huko Uingereza mwaka 1975 madaktari waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 na kuangalia ugonjwa ulitambuliwa katika hatua gani. Kwa wagonjwa 66, ule utambuzi uliofikiwa kwa barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, kabla ya kumgusa na kabla ya maabara, ndio uliobaki kuwa sahihi mwishoni. Vipimo vimeongezeka sana tangu hapo, lakini bado lazima mtu aamue kipimo gani kifanyike, na uamuzi huo unatoka kinywani mwa mgonjwa. Ukimnyamazisha umejifunga macho mwenyewe.

Na tunawanyamazisha. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, watafiti wa Marekani, walichapisha uchambuzi wa mazungumzo yaliyorekodiwa kliniki, wakakuta kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Utetezi wetu siku zote ni foleni: tukiwaacha watu waseme, usiku utatukuta hapa. Basi mwaka 2002 wenzetu wa Uswisi wakaupima utetezi huo. Madaktari waliombwa wakae kimya mpaka mgonjwa aishie mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wameshamaliza ndani ya dakika mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na sisi tunapenda kulinukuu hilo tukimnyooshea mgonjwa kidole. Mimi siku hizi nikilisikia najiuliza kama kweli alificha, au alikatizwa kabla hajafika alipokuwa anaelekea.

Turudi kwenye maboksi, maana hapa ndipo kisa chenu kinatisha zaidi. Kila dawa ina majina mawili. Kuna jina la kiwanda, lililoandikwa kwa herufi kubwa za rangi, na kuna jina la dawa yenyewe, mara nyingi kwa herufi ndogo chini yake. Viwanda kumi vinaweza kutengeneza amlodipini moja kwa majina kumi. Mama alikuwa anameza miligramu 20 kwa siku, wakati kiwango cha juu cha kawaida kwa mtu mzima ni 10. Amlodipini inalegeza mishipa ya damu ili presha ishuke. Katika kulegea huko, maji huvuja kutoka kwenye mishipa midogo na kutulia chini, kwenye vifundo vya miguu. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kupunguza maji huusaidia kidogo sana. Inachofanya ni kukausha mwili, kuvuruga chumvi za damu na kuishusha zaidi presha ambayo tayari imeshushwa mara mbili. Ndipo mtu anasimama, damu inachelewa kufika kichwani, anaanguka. Dawa imeleta dalili, dalili imedhaniwa ni ugonjwa mpya, ugonjwa mpya umepewa dawa nyingine. Mnyororo huu tunaukuta kwa wazee mara kwa mara.

Mnyororo huo ungeweza kukatwa na nini? Kwa swali moja tu: "Mama, nyumbani unameza nini kingine, hata ambacho sikukuandikia mimi?" Na afadhali zaidi: "Safari ijayo njoo navyo vyote kwenye mfuko." Watu hawahesabu kila kitu kuwa dawa. Hawahesabu za mitishamba, hawahesabu vidonge vya maumivu vya dukani, kumbe ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha na huumiza figo, hasa zikikutana na dawa ya kupunguza maji. Mfamasia wa wodini aliyemwaga dawa mezani alifanya mawasiliano bora kuliko wote katika kisa chako, na hujaniambia kama alikuwa mpole au la.

Kaka yako akikuuliza kama hata daktari hodari anaweza kukosea kwa kukosa maneno, msimulie hiki changu. Nilikuwa na mgonjwa wa pumu, baba mtu mzima, mwalimu, msikivu. Nilimweleza pampu ya kuvuta, nikamuuliza "umeelewa?", akasema "nimeelewa, daktari". Alirudi anabanwa vilevile. Nikaongeza dozi. Akarudi tena. Nikaongeza tena, na moyoni nikaanza kudhani haitumii. Safari ya tatu, kwa bahati tu, nilikuwa na mwanafunzi chumbani, nikamwambia yule mzee amwonyeshe anavyofanya. Akaitoa mfukoni, akaifuta kwa kidole gumba, akatoa kofia yake, akapanua mdomo. Akavuta pumzi ndefu, akaishika. Kisha, akiwa amejaa hewa, ndipo akabonyeza. Moshi mweupe ukamgonga kwenye ulimi na kurudi nje, ukaelea mbele ya miwani yake. Akanitazama kama mwanafunzi anayengoja alama ya vema. Miezi mitano dawa ilikuwa inaishia mdomoni, na mimi nilikuwa nimemwongezea dozi ya kuitemea hewani. Tulirekebisha kwa dakika nne: toa pumzi kwanza, anza kuvuta taratibu, bonyeza huku unavuta, kisha shikilia. Dozi niliirudisha chini.

Tangu siku hiyo neno "umeelewa?" nimelipiga marufuku kinywani mwangu. Ni swali lenye jibu moja. Mtu aliyelelewa vizuri, mbele ya mkubwa mwenye koti jeupe, atasema ndiyo. Badala yake nasema: "Mimi huwa naeleza haraka. Ukifika nyumbani wakakuuliza daktari kasemaje, utawaambia nini?" Akikosea, kosa ni la maelezo yangu, naanza upya. Wanaochunguza kumbukumbu wameona kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya tunayowaambia wagonjwa husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya yanayobaki hukumbukwa kwa makosa. Mwaka 2003 huko Marekani, Dean Schillinger na wenzake walisikiliza rekodi za wagonjwa wa kisukari wakiwa na madaktari wao. Ni katika mazungumzo machache tu daktari alimwomba mgonjwa arudie alichoelewa, lakini waliofanyiwa hivyo ndio waliokuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri zaidi. Uchunguzi ule ulikuwa mdogo na hauthibitishi kwamba kurudia ndiko kulikoshusha sukari. Hata hivyo, baada ya kuuona ule moshi sikuhitaji ushahidi zaidi.

Hadi hapa nimezungumzia mgonjwa na daktari. Sehemu nyingine ya mawasiliano hamuioni, ni ya sisi kwa sisi, na ndiyo inayoua watu bila kelele. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley, mama wa watoto wawili, alikwenda kufanyiwa upasuaji wa kawaida wa pua. Alipopewa dawa ya usingizi njia ya hewa ikagoma. Madaktari wazoefu walikwama kwenye kujaribu kupitisha mpira kooni, dakika zikapita. Wauguzi waliona kinachohitajika, mmoja akaleta vifaa vya kutoboa koo. Lakini kauli yao haikuwafikia waliokuwa wameinama. Elaine alifariki siku 13 baadaye. Mume wake, Martin, wakati huo alikuwa rubani, na kazi aliyoifanya tangu hapo ni kuwaambia watu wa hospitali kile ambacho marubani walijifunza kutokana na ajali: mdogo lazima aweze kumwambia mkubwa "simama", na mkubwa azoee kusimama. Ujuzi ule ambao kaka yako anausifu ulikuwemo chumbani, tena kwa wingi.

Yapo yanayosaidia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji, karatasi moja inayowalazimisha watu wa chumba cha upasuaji kutua kidogo, kutajana majina na kazi, na kusema kwa sauti huyu ni nani na anafanyiwa nini. Utafiti uliotoka mwaka 2009, katika hospitali za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwa mmojawapo, ulikuta vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nikikuachia hapo nitakuwa nimekudanganya nusu. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulikuta kwamba jimbo la Ontario nchini Canada lilipoitumia orodha hiyo katika hospitali zake zaidi ya mia, vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wataalamu wanabishana kwa nini. Mimi naamini karatasi ikishajazwa na mtu mmoja kwa kuweka vema huku wengine wanaendelea na yao, imegeuka faili. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2014 ulieleza jinsi programu tisa za mafunzo ya madaktari wa watoto, huko Marekani na Canada, zilivyobadilisha namna ya kukabidhiana wagonjwa zamu zinapobadilika, na makosa ya kitabibu yakapungua kwa asilimia 23. Hatua ya mwisho ya utaratibu wao ni anayepokea kurudia kwa maneno yake alichosikia. Ni ileile ya mzee wa pampu.

Nakuambia haya kwa kuwa mama ameruhusiwa juzi, na kuruhusiwa nako ni kukabidhiana zamu. Wodi imekukabidhi wewe. Ulirudia ulichoambiwa, au ulipewa karatasi na kutakiwa kila la heri?

Je, upole hauna kazi basi? Unayo. Mwaka 1964 daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Baadhi yao walitembelewa usiku wa kabla, wakaelezwa maumivu yatakuwa wapi, yatadumu muda gani, kwa nini ni ya kawaida, na namna ya kupumua na kujigeuza yatakapowajia. Hao walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu ukilinganisha na wenzao, wakaruhusiwa mapema kwa wastani wa siku 2.7. Hofu hukaza misuli, na msuli uliokaza juu ya kidonda huuma. Lakini angalia walichopewa: hawakubembelezwa tu, walielezwa. Na nisikupe matumaini ya uongo pia. Dawa isiyofaa haifanywi ifae kwa kuelezwa vizuri, na tafiti zinazopima uhusiano wa daktari na mgonjwa peke yake huonyesha faida ya kweli ila ndogo. Daktari mwenye wagonjwa 60 asubuhi moja hawezi kuzungumza na mtu, hata awe na moyo gani. Huyo si wa kupelekwa semina ya tabasamu, ni wa kuongezewa wenzake.

Sasa kuhusu kuuliza. Hofu ya kuonekana mjuaji inaisha ukianza na udhaifu wako mwenyewe: "Daktari, samahani, naomba nirudie ulivyosema nione kama nimeshika sawasawa." Sijawahi kumwona daktari akikasirikia sentensi hiyo, na inatufanya tusikie makosa yetu. Lile linalokuumiza zaidi liseme mwanzoni. Watu wengi huliweka mpaka wameshika kitasa cha mlango, "daktari, kitu kidogo tu", na hicho kitu kidogo ni maumivu ya kifua. Andika dawa zote za mama kwenye karatasi moja kwa lile jina dogo la chini, sio lile kubwa la rangi. Andika nguvu yake, saa ya kumeza, ni ya nini, na nani aliiandika lini. Ukitaka kurekodi maelezo kwa simu, omba ruhusa kwanza.

Kuingia na mama chumbani ni vizuri, kwa tahadhari. Mara nyingi ninamuuliza mzee "unalalaje siku hizi?" na binti anajibu. Namuuliza tena nikimtazama yeye mzee, binti anajibu tena, safari hii kwa kirefu. Mwache mama aanze, wewe ujazie. Na katikati tafuta sababu ya kutoka nje dakika tano. Kuna mambo ya mkojo, ya huzuni, ya dawa alizoacha kwa makusudi, ambayo mama hatayasema mbele ya mtoto aliyemzaa.

Abaki na daktari yupi? Ningechagua mmoja, yeyote kati yao, na ningemweleza kilichotokea. Yule mpole huenda mpaka leo anaamini alimtibu mama vizuri; sisi mara chache huletewa habari ya mwisho wa kisa. Mwambie bila kumshitaki: "dawa uliyotuandikia ilikutana na ileile nyumbani". Daktari mzuri atanyamaza, atauliza, ataandika. Yule mkavu naye unaweza kumwambia wazi kwamba mama anaogopa kumuuliza. Wengine hawajui kwamba wanatisha. Hama ukiona anamdhihaki mama, anakataa kueleza anachompa, au anaficha kosa. Malalamiko rasmi ni haki yako wakati wowote, na kituo chenye akili huyatumia kujirekebisha.

Yapo ambayo hayangoji wala hayatibiki kwa maandishi yangu. Kama mama aligonga kichwa alipoanguka, damu kwa wazee inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na kuonekana baada ya wiki kadhaa. Kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kutapika, mkono au mguu mmoja kulegea: mpeleke hospitali saa hiyohiyo, haraka zaidi kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuzimia, maumivu ya kifua, au mkojo kupungua sana navyo ni vya siku hiyohiyo. Hata akiwa salama, ndani ya wiki hii apimwe presha akiwa amelala na kisha akiwa amesimama, na uulize kama figo na zile chumvi za damu, sodiamu na potasiamu, vilipimwa baada ya ile dawa ya kupunguza maji. Uliza pia kama dawa hiyo bado imo kwenye orodha yake au iliondolewa wodini. Hujaniambia, nami ningependa sana kujua. Usimwachishe chochote wewe mwenyewe kabla hajaonwa, kwani zipo dawa za presha ambazo zikikatwa ghafla presha hupanda kwa kishindo.

Kabla ya siku hiyo, mwageni dawa zote mezani kama alivyofanya mfamasia, karatasi ya kuruhusiwa ikiwa pembeni. Kilichomo kwenye karatasi kiende upande mmoja. Kisichokuwemo kiwekeni kwenye mfuko wake, msikitupe, mwende nacho kwa daktari akione. Kaka yako naye mwombe asinunue dawa yoyote ya mama kabla hajakupigia simu.